Intaneti ya lupango yetu: ni nani anakula mega?

Goma, Agosti 2024

Kawaida ninawaletea habari za barabara, za maji, za bei ya unga, na za ndugu zetu waliokimbia vita. Leo habari inatoka ndani ya lupango ambamo mimi mwenyewe ninaishi, huku Ndosho, upande wa barabara ya Sake. Ni habari ya intaneti na televizyo tunazotumia kwa pamoja. Mtu anaweza kusema ni jambo dogo mbele ya vita. Lakini kwa sababu yake familia mbili zilizokimbia vita zilibakiza kidogo kufukuzwa. Na kwa ujumbe wa sauti mnaonitumia, ninajua kwamba ugomvi kama huu uko katika lupango nyingi za mji huu.

Lupango yetu ina nyumba 11. Nyumba ya mbele ni ya matofali, ndiyo ya mwenye lupango. Nyingine 10 ni za mbao na bati, zimejengwa juu ya mawe ya volkano kama mnavyojua nyumba za huku. Tuna choo mbili, robine moja ya maji, na mlango mmoja wa kutokea barabarani. Ndani yake anaishi mwalimu wa shule ya msingi, mama anayeuza sambaza sokoni, fundi wa pikipiki, muuguzi, wanafunzi wa chuo, na mjane mmoja mzee ambaye sisi wote tunamwita Koko. Mimi nina chumba cha nyuma, na kila jioni ninatuma sauti za habari kwa njia ya intaneti.

Zamani kila mtu alinunua mega zake katika simu yake. Aliye na makuta alinunua, asiye nayo alingoja. Mwaka 2022 mwenye lupango alileta wazo zuri, na ninalisema wazi ili asionekane mtu mbaya tu katika habari hii. Alizungumza na kampuni moja ya hapa mjini, wakaja kufunga antena ndogo juu ya bati ya nyumba yake. Antena hiyo inapokea mawimbi kutoka kwenye mnara, waya unashuka mpaka kwenye ruta, na ruta inagawa intaneti kwa simu zote zilizo karibu. Abonema ilikuwa dolari 55 kwa mwezi. Nyumba 11, kila nyumba dolari 5. Hesabu ilikuwa nyepesi, na hakuna aliyeona haja ya kuiandika popote.

Televizyo ilikuwa namna hiyo hiyo. Dekoda ni moja, iko katika nyumba ya mwenye lupango. Kutoka kwenye dekoda hiyo waya mmoja ulitoka dirishani, ukapita juu ya kamba ya nguo, ukagawanyika mara nne kufikia nyumba nne zilizo na televizyo. Mnaojua mambo haya mnajua matokeo yake: dekoda moja inatoa kituo kimoja. Papa wa nyumba ya mbele akitazama mpira, lupango nzima inatazama mpira. Akilala, lupango nzima inalala. Tulizoea, tukawa tunacheka.

Februari 2024 vita ilikaribia Sake. Watu walishuka kwa barabara hii ya kwetu mchana na usiku, na magodoro kichwani, na mbuzi, na watoto. Wengi walikwenda kambini, Bulengo, Lac Vert, Rusayo. Wengine walitafuta ndugu ndani ya mji. Lupango yetu ilipokea familia mbili. Mama wa sambaza alimpokea mama mmoja wa Masisi na watoto wake 5. Walikuwa wanajuana tangu siku alipokuwa anakwenda kule juu kununua maharagi. Mwalimu alipokea wazee wawili pamoja na wajukuu zao 3. Kwa hesabu yangu tulikuwa watu 52, tukawa 63. Choo mbili zile zile, robine ile ile.

Na intaneti ile ile. Mwezi wa tatu ikaanza kufa kila jioni. Kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne ya usiku, picha haifunguki, sauti haitoki, ukimpigia mtu kwa WhatsApp unasikia neno moja kati ya matano. Mimi nilianza kutoka na simu kwenda kusimama barabarani, nanunua mega zangu mwenyewe ili habari zifike redioni. Wanafunzi walilalamika, muuguzi alilalamika. Tuliita kampuni mara tatu. Mara ya kwanza walisema tungoje. Mara ya pili walisema tuzime ruta na kuiwasha tena. Mara ya tatu walisema kwamba intaneti inafika vizuri mpaka kwetu, shida iko ndani ya lupango.

Basi watu wakaanza kuitafuta shida ndani ya lupango. Na mnajua macho ya watu yanakwenda kwanza wapi. Yanakwenda kwa aliyefika mwisho.

Sikumbuki ni nani alisema kwanza. Ninakumbuka kwamba katika juma moja neno hilo lilikuwa kila mahali, kwenye robine, kwenye mstari wa choo: wakimbizi wanakula mega. Kabla hawajafika tulikuwa vizuri, tangu wamefika intaneti imekufa, basi ni wao. Nilimsikia kijana mmoja akimwambia mama wa Masisi, tena kwa heshima kabisa: «Mama, mnisamehe, lakini muwaambie watoto waache kufungua video.» Mama yule alimtazama, akajibu: «Mwanangu, ni video gani?» Na akaendelea kufua.

Ninataka tukae kidogo hapa, maana ndipo shida ya vitu vya pamoja inapoanzia. Maji yakimwagika unaona chini kumelowa, na unajua ni ndoo ya nani. Makaa yakiibwa unaona gunia limepungua. Lakini intaneti haionekani ikitoka. Hakuna anayejua ni nani amechota kiasi gani. Pale ambapo hakuna kipimo, watu wanapima kwa macho, na macho yanaona watu wapya, nguo zilizoanikwa, watoto wengi. Hayaoni kinachopita hewani.

Mwezi wa nne mwenye lupango alitoa uamuzi wake: nyumba zilizo na wageni zilipe dolari 10, si 5. Mwalimu alilipa, kwa shida. Mama wa sambaza alikataa. Alisema mbele ya watu: «Papa, mimi ninauza samaki za bakuli. Dolari 10 ya intaneti nitaitoa wapi? Na hawa hawana hata simu ya kufungulia hiyo intaneti.» Mwenye lupango akajibu kwamba hawezi kulisha kijiji kizima. Mwisho wa mwezi huo alichomoa ruta ukutani, akaiweka ndani ya chumba chake. Alisema ataiwasha siku wageni watakapotafuta mahali pengine. Waya wa televizyo pia aliuvuta.

Wengine watauliza: si ni intaneti tu? Watu wa Goma hatuwezi kuuliza hivyo. Tunakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilipofungwa katika nchi nzima kwa karibu siku 20, na jinsi uvumi ulivyojaa mahali pa habari. Tunakumbuka pia usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, kila mtu akitafuta katika simu kujua moto unashuka upande gani. Na kwa aliyekimbia vita, simu inabeba zaidi ya hapo. Ndugu wako amebaki kijijini ama ametoka? Shangazi amefika Minova ama amekwenda mpaka Nakivale huko Uganda? Ni siku gani watagawa msaada? Mtoto wa kaka yangu ametuma faranka ngapi? Yote hayo siku hizi yanapita katika simu, na mengi yanapita katika ujumbe wa sauti, kwa sababu kupiga simu ni ghali na wengi hawajui kuandika. Ukimkatia mtu huyo rezo, umemkatia jamaa yake.

Tuliliona jambo hilo siku chache tu baada ya ruta kuchomolewa. Ijumaa tarehe 3 Mei, asubuhi, mabomu yalianguka kwenye kambi za wakimbizi, upande wa Lac Vert na Mugunga. Watu wengi walikufa, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Huku kwetu tulisikia mishindo, kisha tukaona pikipiki zinakimbia na majeruhi kuelekea hospitali ya CBCA Ndosho.

Kaka wa mama wa Masisi alikuwa anaishi katika hema Lac Vert. Mama alikuwa na kitochi kimoja, na siku hiyo kilikuwa kimezimika. Alitoka kwa mguu, bila kujua anakwenda kambini ama hospitalini. Alikwenda kwanza hospitalini, akasimama kwenye mlango pamoja na watu wengine wengi, akitazama kila anayeingizwa. Mchana alikwenda kambini. Hema lilikuwepo, kaka hakuwepo. Jirani hawakujua. Alirudi hospitalini tena. Alifika lupangoni jioni, akakaa chini karibu na robine, hakusema kitu.

Usiku, karibu saa tatu, binti wa mama wa sambaza alinunua mega za faranka 500 kwa simu yake, ili aulize rafiki zake habari za shule. Mara tu alipofungua, ujumbe ukaanza kuingia mmoja baada ya mwingine. Kati yao kulikuwa na ujumbe wa sauti kutoka namba asiyoijua. Ilikuwa sauti ya yule kaka. Alikuwa amekwenda Kituku alfajiri kutafuta kibarua cha kubeba mizigo. Aliposikia habari za mabomu aliazima simu, akapiga kwa dada yake, kitochi hakiitiki, akatuma sauti kwa namba nyingine ya lupango hii aliyokuwa ameiandika kwenye karatasi. Alisema: mimi ni mzima, musinitafute hospitalini. Ujumbe ule ulitumwa saa tano ya asubuhi. Ulingoja saa kumi nzima kufunguliwa, na katika saa hizo kumi dada yake alikuwa anageuza geuza maiti kwa macho.

Nani wa kulaumiwa kwa hayo? Mwenye lupango hakurusha bomu. Lakini wote tulisikia sauti ile ilipochezwa, na wote tulijua kwamba kama ruta ingekuwa inawaka, ile simu ingeuona ujumbe ule asubuhi.

Jumapili tarehe 5 Mei mkubwa wa nyumba kumi aliitisha kikao. Tulikaa kwenye mawe mbele ya nyumba ya mwalimu. Maneno yalikuwa makali. Kulikuwa na waliosema kwamba intaneti ni ya anayelipa, na huruma haifungui abonema. Neno hilo si la uongo. Kulikuwa na waliosema kwamba mwenye lupango anatafuta sababu ya kuwatoa wakimbizi kwa ajili ya choo, intaneti ni kisingizio tu. Mwenye lupango alikaa kimya, mikono kifuani.

Ni Koko aliyegeuza kikao. Hakupandisha sauti. Aliuliza: «Mei 2021, serikali ilipotuambia tutoke, sisi tulilala wapi?» Watu wakanyamaza. Wote tulikumbuka: tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlipuko, gavana alitoa amri watu wa kartiye 10 kati ya 18 za mji waondoke mara moja. Wengine walivuka kwenda Gisenyi, wengine walipanda mashua kwenda Bukavu, na maelfu kwa maelfu walikwenda Sake. Koko akaendelea: «Mimi nililala Sake, ndani ya nyumba ya mtu nisiyemjua. Na wewe, Papa, ulilala Sake na watoto wako. Kuna mtu alikuuliza unakula nini?» Mwenye lupango aliinamisha kichwa. Kisha akasema, taratibu: «Basi tupime. Kama si wao, tujue ni nani.»

Hilo ndilo lilikuwa neno la maana kuliko yote ya siku ile: tupime. Kama tungemaliza kwa huruma peke yake, uchungu ungebaki ndani, na intaneti ingeendelea kufa.

Mmoja wa wanafunzi anasomea mambo ya kompyuta. Ruta ilirudishwa, ikawashwa, tukangoja saa moja ya jioni, wakati ambapo rezo inakufa kila siku. Kijana akafungua ukurasa wa ndani wa ruta katika simu yake. Kila ruta ina ukurasa kama huo, na ndani yake kuna orodha ya vyombo vyote vilivyounganishwa wakati huo. Orodha ile ilionyesha vyombo 47.

Mwalimu akachukua daftari. Tukaita nyumba kwa nyumba, kama darasani, kila mtu alete simu yake. Simu za kufungua intaneti zilikuwa 27. Kompyuta 2. Jumla 29. Na wakimbizi? Familia mbili, watu 11, walikuwa na vitochi viwili ambavyo haviwezi kufungua intaneti kabisa, na simu moja ya kioo kilichopasuka, ya mjukuu wa wale wazee. Moja kati ya 29. Hiyo ndiyo iliyokuwa imetajwa kwenye robine kwa miezi miwili.

Vilibaki vyombo 18 ambavyo havikuwa vya mtu yeyote wa lupango. Kijana alizunguka na simu yake kutazama mahali ambapo mawimbi yanatoka nje. Nyuma ya nyumba ya mbele, ng'ambo ya ukuta, kuna kibanda cha kuchaji simu. Mbele yake kulikuwa na vijana wameketi kwenye mawe, vichwa chini, simu mkononi. Walikuwa wanalipa faranka 500 kwa siku, wanapewa neno la siri. Neno hilo la siri lilikuwa letu.

Hesabu ilifanyika pale pale. Watu 18 kwa faranka 500 ni faranka 9.000 kwa siku. Hata tukisema nusu tu walilipa kila siku, kwa mwezi ni faranka 135.000. Kwa bei ya dolari ya wakati ule, faranka 2.800 hivi, ni karibu dolari 48. Yaani mtu alikuwa anapata karibu abonema yetu nzima, na sisi tulikuwa tunamtazama mama wa Masisi.

Aliyekuwa ametoa neno la siri ni kijana wa nyumba ya mbele, mpwa wa mwenye lupango. Alikuwa anagawana pesa na mwenye kibanda. Mimi sitaongeza chumvi juu yake. Ni kijana asiye na kazi katika mji ambao kazi hakuna. Mjomba wake hakusema neno. Aliingia ndani, akarudi na dolari 5 ambazo mwalimu alikuwa amelipa zaidi, akaziweka mkononi mwake mbele ya watu wote. Siku iliyofuata waya wa televizyo ulirudi juu ya kamba ya nguo.

Kijana wa kompyuta alituonyesha sababu nyingine mbili, na ninaziandika kwa sababu zinaweza kuwasaidia na ninyi. Ya kwanza: simu nyingi zilikuwa zinapakua peke yake kila picha na kila video inayoingia katika makundi ya WhatsApp, hata zile ambazo mwenyewe hazifungui. Kuna mahali katika simu pa kuzima jambo hilo. Tulizima katika simu zote 27. Ya pili: ruta ilikuwa ndani ya nyumba ya mbele, pembeni, kati ya ukuta wa matofali na kabati ya chuma. Mawimbi ya ruta yanapita vizuri kwenye mbao, lakini bati na chuma vinayarudisha. Kwa hiyo waliokuwa karibu zaidi na ruta yetu, bila kizuizi, walikuwa wateja wa kibanda nje ya dirisha.

Haya ndiyo tuliyokubaliana, na yako katika daftari, kila nyumba imetia sahihi ama alama ya kidole.

Ruta imehamia kwa mwalimu, katikati ya lupango, imetundikwa juu ya ukuta wa mbao. Imewekewa batri ndogo ili isizimike umeme unapokatika. Neno la siri linabadilishwa kila tarehe 1, na linaandikwa katika simu na kijana wa kompyuta, haliambiwi mtu kwa mdomo. Kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu ya usiku hakuna kupakua filamu. Wanafunzi wanapakua usiku wa manane wakitaka. Kila malipo yanaandikwa: nyumba gani, kiasi gani, siku gani.

Mwenye kibanda aliitwa. Wengine walitaka afungiwe kabisa. Mama wa sambaza alikataa; alisema mtu anayetafuta mkate umpe mlango wa kuingilia, usimwachie dirisha tu. Sasa mwenye kibanda analipa dolari 11 kwa mwezi kwa jina lake, na ruta imewekewa kikomo ili wateja wake wasipite kipimo chao. Nyumba 11 zinalipa dolari 4 kila moja. Dolari 44 na dolari 11 ni 55. Tunalipa kidogo kuliko zamani.

Na malipo ni ya nyumba, si ya kichwa. Ukipokea mgeni, hulipi zaidi. Hapo hatukukubaliana wote, na ni vizuri mjue. Muuguzi anaishi peke yake, na aliuliza kwa haki kabisa kwa nini alipe sawa na nyumba ya watu 9. Jibu tulilompa ni kwamba tukihesabu vichwa, kila anayefungua mlango kwa mkimbizi atakuwa anaadhibiwa kwa kuufungua. Alikubali kwa miezi sita, kisha tutazungumza tena. Neno lake limeandikwa katika daftari.

Televizyo haijapona. Fundi alikuta waya umeunganishwa kwa mikono na kufungwa kwa plastiki, maji ya mvua yanaingia, na kila mahali unapogawanyika unapoteza nguvu. Alibadilisha viungo, picha sasa ni safi. Lakini dekoda bado ni moja na rimoti bado iko nyumba ya mbele. Siku za mpira hakuna habari. Kwa habari za saa moja tumebaki na redio ndogo ya Koko, ile ya mawe, anaiweka kwenye dirisha na watu wanakaa chini. Redio haina neno la siri.

Kwa ninyi mlio katika lupango nyingine, ninaomba mambo matatu. Kabla ya kumtaja mtu, hesabuni vyombo. Ni kazi ya nusu saa, na kijana anayejua hakosekani. Mvua yenye radi ikija, chomoeni waya wa antena na wa umeme. Mnaijua radi ya Goma. Na kwa ndugu zetu waliokimbia: andikeni namba mbili ama tatu kwenye karatasi, si ndani ya simu tu, maana simu inazimika na karatasi haizimiki. Karatasi kama hiyo ndiyo iliyoleta sauti ya yule kaka mpaka kwetu. Namba ya siri ya pesa zenu, hiyo msimpe mtu, hata akijiita mtu wa msaada.

Familia mbili bado ziko nasi. Kaka wa mama wa Masisi anafika Jumapili kula. Mwezi huu nyumba 10 zimelipa, moja bado. Nimetazama katika daftari: pembeni mwa nyumba hiyo mwalimu ameandika kwamba mtoto wao amelazwa, na kwamba kikao kimekubali kungoja mpaka mwezi ujao.